Ni Nani Amjibuye Mtoto?

Wazazi vijana wana swali ambalo hupenda kutuuliza sisi tuliostaafu ualimu. Husema, "Mwalimu, hizi video za kufundishia watoto wadogo, zile za nyimbo, rangi na hesabu za moja mpaka kumi, ni nzuri au ni mbaya?" Huuliza kwa nia njema, maana kila mzazi humtakia mwanawe heri. Lakini sidhani kwamba swali hilo lafaa kujibiwa kwa neno moja. Chini yake limelala swali lingine lililo zito zaidi, nalo ndilo ningependa tulifikirie pamoja katika ukurasa huu: kazi ya kumfundisha mtoto kusema ni ya nani? Na mwenye kazi hiyo, je, anayo haki ya kuikabidhi kwa kitu kisichoweza kumjibu mtoto?

Huenda msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya simu na intaneti, tuwaachie vijana. La. Haya ni mambo ya wajibu, na wajibu ni jambo la zamani kuliko simu.

Tuanze kwa kuwatendea haki wale wanaotengeneza picha hizi. Wengi wao walianza kwa kusudi jema. Mwaka 1969 huko Marekani kilianza kipindi cha televisheni kiitwacho Sesame Street. Shabaha yake ilikuwa kuwasaidia watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, hasa wale wa nyumba maskini, ili siku ya kwanza ya shule wasijikute wameachwa nyuma na wenzao. Hapa kwetu Tanzania, shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha kipindi cha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye likaleta Akili and Me kwa watoto wa umri wa shule ya awali, chenye habari za mtoto wa kike wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko New York, mwalimu wa muziki anayejulikana kwa jina la Ms Rachel alianza mwaka 2019 kutengeneza video za nyimbo kwa sababu mwanawe mwenyewe alikuwa amechelewa kusema. Watu kama hawa hatuwezi kuwaita adui wa watoto.

Lakini tuone pia jinsi umri ulivyoshuka. Katika miaka ya 1990 wafanya biashara wa Marekani walianza kuuza kanda za video kwa ajili ya watoto wachanga kabisa, wasiojua hata kutambaa. Zilizojulikana zaidi ziliitwa Baby Einstein, kwa jina la yule mwanasayansi mkuu, kana kwamba mtoto akizitazama atakuwa kama yeye. Kampuni ya Disney iliinunua biashara hiyo mwaka 2001. Watu wakaanza kuuliza ushahidi uko wapi, na mwaka 2009 kampuni ikawatangazia wazazi kwamba wanaotaka kurudishiwa fedha zao watarudishiwa. Ungedhani jambo hilo lingeishia hapo. Lakini tangu mwaka 2005 ulikuwapo mtandao wa YouTube, na leo mtu hahitaji kanda wala duka. Bando dogo la simu latosha. Kwa hiyo kitu kilichoanza kwa watoto wa miaka mitatu mpaka mitano sasa huwekwa mbele ya mtoto wa miezi sita, naye amefungwa mgongoni au ameegemezwa mto.

Sasa tujiulize, mtoto hujifunzaje kusema? Kila mama aliyelea anajua, ijapokuwa pengine hajui kwamba anajua. Mtoto wa miezi mitatu au minne hutoa sauti fulani, kisha hunyamaza na kumtazama mama. Mama humjibu, "Ee, baba! Wasema nini?" Mtoto hungoja mama amalize, kisha hutoa sauti nyingine. Hajajua neno hata moja, lakini amekwisha anza kujifunza jambo ambalo maneno yote yatasimama juu yake: kwamba watu husema kwa zamu, na kwamba sauti yake yeye huleta jibu. Anapokaribia mwaka mmoja humnyoshea kuku kidole. Mama hutazama kidole kinakoelekea, akasema, "Kuku! Kuku yule anakula." Neno limeingia mahali pake kwa sababu watu wawili walitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mmoja wao alijua mwenzake anatazama nini.

Chukueni mfano wa salamu yetu. Bibi huushika mkono mdogo wa mjukuu, akamwambia, "Sema shikamoo." Mtoto husema, "Kamoo." Papo hapo bibi hujibu, "Marahaba, mjukuu wangu!" na uso wake wote hufunguka. Mtoto akinyamaza, bibi hajibu. Humngoja, humbembeleza, hujifanya amenuna. Hivyo mtoto hujifunza neno pamoja na uzito wake: akilitoa hupokea kitu, na asipolitoa yupo mtu anayelingoja.

Sasa tazameni video ya salamu. Yule aliye ndani ya picha husema, "Sema shikamoo." Hunyamaza kidogo, kisha hutabasamu na kusema, "Marahaba! Umefanya vizuri sana!" Husema hivyo ikiwa mtoto amesema. Husema hivyo hivyo ikiwa mtoto amesinzia, au ametoka nje kumfuata mbuzi. Jibu lijalo uwe umesema au hukusema, si jibu. Ni sauti iliyofuata sauti nyingine. Hapa ndipo ilipo tofauti yenyewe, wala haiondolewi kwa rangi nzuri zaidi au muziki mtamu zaidi.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 Profesa Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitangaza habari za watoto wa Kimarekani wa miezi tisa ambao nyumbani kwao husikia Kiingereza tu. Baadhi yao waliletewa watu wasemao Kichina cha Mandarin, wakacheza nao na kuwasomea vitabu, mara 12, kila mara dakika 25. Wengine walionyeshwa watu wale wale na mambo yale yale katika video, kwa muda ule ule. Mwishoni watoto walipimwa kama wanaweza kutofautisha sauti fulani za Kichina. Waliokaa na watu waliweza vizuri. Waliotazama video walikuwa sawa na watoto ambao hawakupata kusikia Kichina hata siku moja. Maneno yalikuwa ya aina moja na sura zilikuwa zile zile. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mtoto.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Dakta Edward Tronick wa huko huko Marekani alikuwa ameonyesha jambo lingine la kusikitisha. Alimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache amtazame bila kubadili uso, asicheke wala asiseme. Mtoto hujaribu kumrudisha mama kwa tabasamu, kwa sauti, kwa mikono. Akiona hapati kitu, hugeuza uso na kununa. Mtoto wa miezi michache tu anajua kwamba uso ulio mbele yake haumjibu, na anaumia. Mwenye kufikiri aweza kujiuliza, basi, mtoto anajifunza nini kuhusu nyuso akizoezwa kila siku uso ambao unacheka sana lakini haumwoni?

Lakini nisije nikasomwa vibaya. Kosa halimo katika kioo cha simu chenyewe. Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani waliwafundisha maneno mapya watoto wa miezi 24 hadi 30. Baadhi walifundishwa na mtu aliyekaa nao, wengine na mtu aliyezungumza nao kwa simu ya picha, na wengine na video iliyorekodiwa. Waliofundishwa kwa simu ya picha walijifunza kama wale waliokaa na mtu. Wale wa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kwa hiyo bibi aliye Muheza akipiga simu ya picha kwa mjukuu wake aliye Dar es Salaam, akamwuliza amekula nini na akangoja jibu, anamfundisha kweli kweli. Simu ile ile moja huweza kumletea mtoto mtu anayemjibu, au kumletea mfano wa mtu.

Wapo watakaosema, "Lakini mwalimu, mtoto wangu wa miaka minne amejifunza kuhesabu kwa video, nimemsikia mwenyewe." Nakubali. Watoto wa shule za awali huko Morogoro walioonyeshwa Akili and Me walipimwa, na walionekana kuwazidi wenzao katika mambo kama kutambua tarakimu na maumbo. Mtoto wa miaka minne amekwisha kuwa na lugha. Anaweza kuchukua kitu cha kwenye picha akakiweka juu ya msingi uliojengwa na watu. Mtoto wa mwaka mmoja hana msingi huo bado. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asiwekwe mbele ya picha kabisa, wala wa mwaka mmoja haimfai, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi.

Tena tutofautishe kutaja na kusema. Mtoto anayetaja rangi kumi anataja. Mtoto anayesema, "Mama, kile kikombe changu kimevunjika, nipe kingine," anasema. Wa kwanza hufurahisha wageni. Wa pili ameingia katika jamii ya wanadamu.

Hapa twafika penye lugha. Wazazi wengi wa mijini huchagua video za Kiingereza, nami naelewa sababu yao. Shule zetu za msingi za serikali nyingi hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mzazi anamwona mwanawe kama msafiri atakayefika kivukoni bila nauli. Mimi mwenyewe nilifundisha Kiingereza kwa miaka mingi, wala simchukii mtu kwa kukipenda. Ninachouliza ni hiki: mtoto akijifunza Kiingereza kwa video katika nyumba ambayo hakuna anayekisema, atakisema na nani?

Jirani mmoja wa kwetu alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, mwerevu sana, aliyezitaja rangi zote kwa Kiingereza bila kukosea. Bibi yake akaja kutoka kijijini kumtazama, akaleta mkungu wa ndizi mbivu. Mtoto akazinyoshea kidole, akataja rangi yake kwa Kiingereza. Bibi akacheka, akamgeukia binti yake: "Anasema nini?" Akafasiriwa, na wote tuliokuwapo tukacheka, maana mtoto alipendeza. Yule bibi alikaa siku nne. Nililisikia swali lile mara nyingi, "Anasema nini?" na kila mara kicheko kilipungua. Bibi alikuwa na vitendawili, alikuwa na habari za babu wa babu, alikuwa na majina ya miti na ndege ambayo hayamo katika video yoyote. Alirudi nayo yote kama alivyokuja nayo.

Hatuwezi kusema mtoto yule alikosa. Hata mama yake alikuwa akimtafutia mema. Lakini urithi ulipitishwa pembeni, na urithi huu si kama shamba, kwamba mtoto akikua ataudai mahakamani. Bibi akifa umekwisha.

Ili tuwe waadilifu, tuitazame na hali iliyo kinyume. Wapo ndugu zetu waishio Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba, ambao watoto wao hawakisikii Kiswahili barabarani wala shuleni. Hao hutafuta video za Kiswahili ili mtoto asije akashindwa kuongea na babu yake siku akija likizo. Nawasifu. Lakini hata huko, wale wanaofaulu ni wale ambao baada ya video mama humwambia mtoto kwa Kiswahili, "Haya, tuoneshe ulivyoona," na baba hujibu kwa Kiswahili mtoto anapouliza. Video ni kuni. Kuni bila mtu wa kuwasha haipiki chochote.

Nasema hivi nikikumbuka tulivyofundishwa chuoni. Katika chuo cha ualimu tulitumia muda mwingi kutengeneza zana za kufundishia: kadi za maneno, vizibo vya chupa vya kuhesabia, picha zilizochorwa juu ya magunia. Tulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na daftari lake, na jambo la kwanza alilotazama si uzuri wa zana. Alitazama kama unajua ni mtoto gani hajaelewa. Zana haijui nani hajaelewa. Redio ilipotuletea vipindi vya shule ilikuwa vivyo hivyo: mwalimu alipaswa kuwaandaa wanafunzi kabla ya kipindi na kuwauliza maswali baada yake. Aliyewasha redio akatoka nje kuota jua hakufundisha, hata kama kipindi kilikuwa kizuri namna gani.

Sasa nisikilizeni hoja iliyo ngumu kuliko zote, maana bila kuijibu maneno haya yote yatakuwa mzigo juu ya mabega ya mtu mmoja. Yupo mama asemaye, "Mwalimu, wewe unazungumza habari za bibi na kuku. Mimi nakaa chumba kimoja, nina mtoto wa mwaka na nusu, nakaanga maandazi alfajiri, jiko linawaka pale chini. Nikimpa simu anatulia. Nisipompa anaungua. Nifanyeje?" Mama huyo hana kosa. Mtoto aketi na simu nusu saa kuliko atie mkono kwenye mafuta ya moto. Atakayemhukumu na aende kwanza akamshikie mtoto.

Lakini hata kwake nina neno moja, na ndilo kiini cha yote ninayotaka kusema. Tuite kila kitu kwa jina lake. Nusu saa ile simu imemshika mtoto. Haikumfundisha kusema. Kushikiwa mtoto ni msaada wa kweli, wala si aibu kuupokea. Hatari huanza tunapouita elimu. Kwa maana nikisema "simu imenishikia mtoto", najua kwamba mazungumzo bado nadaiwa, na jioni nitayalipa. Lakini nikisema "mtoto amesoma", deni limefutika moyoni mwangu, na jioni sidaiwi kitu. Jina moja linaniacha macho, jina lingine linanilaza usingizi.

Na jina hilo la pili ndilo linalouzwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, wakiongozwa na Judy DeLoache, waliwapima watoto wa miezi 12 hadi 18. Baadhi walitazama video iliyopendwa sana ya kufundishia maneno kwa wiki nne. Wengine walifundishwa maneno yale yale na wazazi wao bila video yoyote. Waliotazama hawakuwazidi watoto ambao hawakupewa chochote. Waliojifunza zaidi ni wale wa wazazi bila video. Lakini jambo lililonigusa ni hili: wazazi walioipenda ile video zaidi ndio walioelekea kuamini kwamba watoto wao wamejifunza mengi. Basi neno "elimu" juu ya video lilikuwa likifanya kazi, ila lilifanya kazi juu ya mzazi. Lilimtuliza.

Tena tusisahau ni nani hulipwa. Mtazamaji hatoi senti, ila bando tu. Fedha nyingi hutoka kwa wenye matangazo, nao hulipa kwa kadiri macho yanavyokaa. Mwezi wa Septemba 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani, baada ya kushtakiwa kwamba walikusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu mwema hufanya kazi ili siku moja mwanafunzi asimhitaji tena. Ule mtambo, video moja ikiisha, huanzisha nyingine wenyewe kabla mtoto hajanyanyua uso. Vitu viwili vyenye makusudi mbalimbali namna hiyo havistahili kuitwa kwa jina moja, hata kama vyote viwili huimba wimbo wa herufi.

Je, wajibu wa kumjibu mtoto ni wa mama peke yake? Hapana, na hapa lawama yatupasa tuigawane wengi. Zamani mtoto alijibiwa na watu wengi: dada aliyembeba, shangazi aliyekuwa akipeta mchele, babu aliyekaa barazani asiye na la kufanya ila kuulizwa maswali. Mama alipumzika kwa sababu wengine walikuwapo. Leo wengine hao tumetawanyika, au tupo lakini kila mmoja ameinamia simu yake. Mtazameni mtoto mdogo katika ua wetu baada ya ibada ya Jumapili, watu wazima wanapotaka kuongea kwa utulivu. Hupewa simu. Hakuna aliyekusudia kumfukuza, lakini ameondolewa katika mazungumzo ya watu wake, mahali pale pale ambapo angejifunza jinsi watu wanavyozungumza. Mama akikabidhi mtoto kwa simu, mara nyingi ni kwa sababu sisi wengine tulikwisha mkabidhi mama kwa upweke. Akina baba nao wasijitoe. Mtoto wa miaka miwili akimwuliza baba "Kwa nini?" mara saba, baba huyo yumo darasani, apende asipende.

Sipendi kumaliza bila kutoa mashauri, maana mwalimu asiyetoa zoezi huonekana hajamaliza somo. Mtoto wa chini ya miaka miwili, na apewe watu. Vitu vya nyumbani vyatosha kuwa zana: kijiko, sufuria, kuku, mvua. Mtajie unachokifanya unapokifanya, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi, hata kama jibu lake ni sauti tu. Mtoto wa miaka mitatu na zaidi, ukimwonyesha video, chagua iliyo katika lugha inayosemwa nyumbani kwenu, iwe fupi, na ukae naye. Katikati isimamishe, muulize, "Yule amekwenda wapi? Wewe ungefanyaje?" Ikiisha, izime mwenyewe kabla nyingine haijaanza. Kiingereza kitakuja, tena kitakuja upesi zaidi kwa mtoto aliyezoea kuuliza na kujibiwa kwa lugha yake kuliko kwa yule aliyezoea kutazama. Mwenye bando na alitumie kwanza kumpigia bibi. Na sisi wazee tuliostaafu, ambao husema hatuna kazi, kazi ndiyo hii. Twende kwa jirani mwenye mtoto mdogo na jiko linalowaka, tumwambie, "Mama, nipe huyo nusu saa."

Basi, kwa lile swali la kwanza, kama video hizi ni nzuri au mbaya, jibu langu ni kwamba inategemea mtoto ana umri gani na nani ameketi kando yake. Kwa swali la pili sina mashaka. Kumfundisha mtoto kusema ni kumjibu, na kumjibu ni kazi ya mtu. Twaweza kuomba msaada tunapochoka, na msaada huo tuushukuru. Lakini kazi yenyewe hubaki yetu, na mtoto anaposema neno lake la kwanza hutazama pande zote aone kama kuna aliyesikia.